Masharti ya Mtumba

Siku ambayo Denmark ilifuta masharti yote ya korona, watu wawili tu mjini Bukoba waliumia moyoni. Wa kwanza alikuwa Ta, yaani Bwana, Ishengoma, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Kamachumu, tajiri mwenye mkono wa birika kiasi kwamba hata salamu alikuwa anaijibu nusu. Wa pili aliumia kidogo tu, kisha akameza mate na kuanza kupiga hesabu. Huyo ndiye Audax.

Walikuwa hotelini, jirani na ziwa, kila mtu na meza yake, wanatazama taarifa ya habari. Televisheni ilikuwa inaonyesha Wazungu wanavua barakoa na kukumbatiana barabarani. Ishengoma, ambaye soda yake moja ilikuwa naye tangu asubuhi, akapiga meza.

"Wapumbavu hawa!" alimwambia mhudumu. "Mtu una sheria nzuri namna ile, harusi watu wa kuhesabika, halafu unaitupa? Sisi huku hata kuionja hatujaionja!"

Mhudumu akaona soda imemzidi mzee, akaenda zake. Audax akavuta kiti.

Hebu niwaeleze juu ya huyu Audax, msije mkamdhania vibaya. Alikuwa mtu wa suti. Alipanga chumba kimoja cha uani kwa mama mmoja anaitwa Klaudia, mtaa wa Bakoba, na kwa muda wote huo alikuwa anakiita ofisi ya muda. Alishawahi kuuza viwanja ambavyo mvua ikinyesha vinakuwa ziwa, na alishawahi kuwa wakala wa viza za nchi ambayo mpaka leo wateja wake wanaitafuta kwenye ramani. Lakini mwizi hakuwa, tafadhali sana. Mwizi anachukua. Audax alikuwa anapewa, tena kwa kubembelezwa apokee.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekusikia unalalamika."

"Marahaba. Silalamiki, namwoza binti yangu."

Ikamtoka yote. Binti yake Kemilembe, muuguzi, anaolewa na mwalimu mmoja wa hapa mjini, Protase. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, itafanyika nyumbani Kamachumu. Michango amekusanya kwa ukoo mzima, kwa marafiki, kwa washirika wa kanisani, hata kwa mtu aliyempa lifti mara moja tu. Imeingia vizuri sana. Tatizo ni kwamba waliochanga sasa wanataka kuja kula.

"Wote?" Audax akauliza kwa huzuni kubwa.

"Wote! Na ndugu wa marehemu mke wangu, wale wavuvi wa Goziba, wanakuja na boti. Watakaa na harufu yao ya dagaa meza moja na wageni wangu wa maana. Nami nilitaka kinachobaki niezekee ghala."

"Kwa nini usiwakatalie?"

"Kwa sababu gani? Ingekuwa Uganda ningesema serikali imekataza. Wenzetu pale wamefunga shule karibu miaka miwili, bodaboda wamekatazwa abiria, baa zimefungwa. Rwanda giza likiingia unakimbilia ndani. Huku kwetu nitasema nini? Nitamsingizia nani?"

Audax akasogeza kiti karibu zaidi. "Mzee wangu, Wazungu wakizichoka nguo zao, zinakwenda wapi?"

"Zinakuja huku."

"Na magari yao?"

"Yanakuja huku."

"Na masharti je?"

Ishengoma akasahau kufunga mdomo. Kwa kweli hakuwahi kulifikiria hilo, na kama mtu mwenye ghala lake, tayari alikuwa ameanza kuona aibu kwamba hakulifikiria.

"Nchi zote sasa zinalegeza," Audax akaendelea kwa sauti ya chini. "Wengine kwa awamu, wengine kwa mkupuo. Masharti yote yale, mazuri, imara, yaliyotungwa na maprofesa, unadhani yanachomwa moto? Yanafungwa belo, mzee. Na belo za Kanda ya Ziwa mwenye nazo ni mimi."

"Una ya wapi?"

"Nina Italia: mtu hatoki mlangoni bila karatasi inayoeleza anakwenda wapi. Nina Panama: siku moja wanatoka wanawake, siku ya pili wanaume, kwa hiyo mke na mume hawagombani barabarani. Nina Afrika Kusini, hiyo inazuia pombe isiuzwe."

"Hapana, lubisi ya ndizi ataleta bwana harusi, pombe hiyo naitaka."

"Basi Uswidi, lakini sikushauri. Uswidi kwa sehemu kubwa ni ushauri tu, unamwomba mtu akae mbali. Shemeji zako utawaomba?"

"Hawaombeki."

"Wewe ni mtu wa Uingereza. Ile ya zamani, kabla hawajaanza kuilegeza. Harusi watu kumi na tano, maharusi wakiwemo. Gredi ya kwanza."

Bei ikawa pikapu ya Ishengoma, ile nyeupe ya kubebea kahawa. Mzee akaruka kama aliyekalia siafu. Ndipo Audax akamwaga sukari: akinunua Uingereza, anapata pamoja nayo uwakala wa masharti kwa Wilaya nzima ya Muleba. Kila baba mwenye binti na ndugu wengi atapiga hodi kwake. Ishengoma akatazama nje, akaona akina baba wa Muleba wamepanga foleni mpaka barabarani, wote wanambembeleza. Akatoa mkono.

"Pikapu utaichukua Alhamisi, masharti yakishaanza kufanya kazi."

"Mzee wangu, wewe ni msomi," Audax akasema. Kwetu Kagera neno hilo limeshagharimu watu mashamba, sembuse pikapu.

Jumapili baada ya ibada ukoo ulikutana uani kwa Ishengoma kupanga sendofu. Audax alifika na koti jeupe la daktari, ndoo ya kunawia na kile kipimajoto cha kumwelekezea mtu usoni kama bastola. Ishengoma akamvuta pembeni.

"Kuna jambo sikukwambia. Hawa hawamsikilizi mgeni."

"Mgeni ni nani?" Audax akauliza, akaenda kusimama katikati.

"Ndugu zangu," akaanza, na sauti ikatetemeka pale palipotakiwa kutetemeka. "Nani hapa hamkumbuki babu yetu aliyekwenda Uganda kulima, asirudi?"

Jamani! Mkoa mzima huu hakuna ukoo usio na babu aliyekwenda Uganda akapotelea huko. Bibi wawili wakaanza kulia kabla hajamaliza.

"Yule mrefu?" mmoja akauliza.

"Mrefu kabisa."

"Aliyekuwa na pengo?"

"Pengo lenyewe hili!" Audax akafungua mdomo. Machozi yalikuwa mengi, hakuna aliyeangalia vizuri.

Kwa hiyo kabla hata ile kahawa ya kutafuna haijazungushwa, Audax alikuwa mjukuu wa babu aliyepotea, mdogo wake Ishengoma, na baba mdogo wa Kemilembe. Binti akapiga magoti akamwamkia. Ishengoma akafurahi, akampiga mgongoni mbele ya watu wote, akamwita mdogo wangu. Hakuna mtu aliyemlazimisha kusema hivyo, naomba mlikumbuke hilo wakati anapoanza kulia.

Kisha baba mdogo akasoma masharti. Kibanja cha Ishengoma kuanzia siku hiyo kinafuata Uingereza. Sendofu ya Ijumaa itakuwa ya watu kumi na tano. Wengine watashiriki kwa maombi.

Minong'ono ikaanza, halafu mwanamke mmoja akasimama. Alikuwa Vestina, dada yake Ishengoma, muuza ndizi wa jumla pale Kamachumu, aliyezoea kubishana na madereva wa malori na kushinda. Mwanawe Joackim anasoma Ubelgiji, na kwa kuwa kijana alifungiwa ndani hana la kufanya, alikuwa anampigia mama yake simu kila jioni kumsimulia nani kafunga na nani kafungua. Audax hakulijua hilo, maskini.

"Uingereza ipi?" Vestina akauliza. "Joackim ananiambia hata wao sasa wanafungua."

"Dada yangu, hii ni ile ya zamani. Ya zamani ndiyo imara."

"Haya. Na wajomba wa Goziba?"

"Goziba ni kisiwa. Anayetoka kisiwani ametoka nje. Anayetoka nje anakaa karantini kwanza, mfano mzuri ni New Zealand."

"We! New Zealand ndiyo kisiwa. Wao ndio waliowafungia wa nje!"

"Ndiyo maana nikasema mfano."

"Goziba ni Muleba. Kamachumu ni Muleba. Mtu anatokaje nje kwa kutoka Muleba kuja Muleba?"

"Kwa boti," Audax akajibu bila kupepesa. "Aliyepanda boti amesafiri."

Baadhi ya wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mtu akiongea kwa kujiamini mbele ya wasomi, kila msomi anaogopa kuwa wa kwanza kusema hajaelewa.

Hapo Kemilembe akasimama. Hakuwa msemaji.

"Baba," akasema, "mama alipofariki mimi nilikuwa mtoto mchanga. Nimelelewa na shangazi hapa, na mjomba Rugemalira wa Goziba. Wewe uliposema msichana darasa la saba linamtosha, mjomba ndiye aliyenisomesha mpaka nikawa muuguzi, kwa dagaa. Anakaa usiku kucha ziwani na taa ya karabai ili mimi nishike kalamu. Siku ya kutoka kwetu nataka anishike mkono. Asipokuwepo, sitoki."

Hata mimi ninayesimulia, na nina moyo mgumu, hapo huwa natafuta leso.

"Mwanangu," Ishengoma akasema huku anaangalia migomba, "si mimi. Ni Uingereza."

Watu wote wakageuka kuitazama Uingereza, nayo ikajifanya inafuta kipimajoto.

Mkutano ulipoisha Vestina akamfuata Audax kwa tabasamu pana. "Mdogo wangu, uliyerudi kutoka mbali, utaondokaje bila kula kwangu?" Audax alikuwa na njaa tangu Ijumaa. Akakubali bila kubembelezwa.

Sasa, kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali maisha yao yote. Ukoo huu muziro wake ni moyo wa mnyama. Mtoto wao anayejifunza kutembea ukimwonyesha moyo wa mbuzi atajifunza kukimbia. Vestina akamwomba jirani, ambaye ukoo wake hauna ugomvi na moyo, achome mmoja vizuri, akamtengea mgeni juu ya jani la mgomba, wa kwake peke yake, kwa heshima zote. Audax akaula. Akalamba vidole. Kisha akauliza kama mbuzi huyo alikuwa na moyo mmoja tu.

Kemilembe, aliyekuwa mlangoni, akashika mdomo. Akamvuta shangazi yake nyuma ya nyumba.

"Shangazi, ameula! Huyu si ndugu yetu, ni tapeli. Nakwenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji sasa hivi."

"Umwite aje afanye nini? Tukimfukuza huyu, baba yako atatafuta sababu nyingine. Kesho atasema ghala lina nyuki." Vestina akachungulia uani. "Wewe hujaona baba yako leo asubuhi anavyoiosha ile pikapu? Tangu ainunue haijawahi kuona sabuni. Ile inakwenda kwa mtu, na mtu mwenyewe yuko pale anapangusa jani. Niambie, anasema anakaa wapi?"

"Bakoba. Anasema ana nyumba kubwa, geti jeusi."

"Basi vizuri. Baba mdogo ni baba, au siyo? Nyumba yake ni kwenu. Kamachumu pamefungwa na Uingereza, hatugombani na Uingereza. Utatokea Bakoba."

"Na ndugu wote?"

"Ndugu wote. Mpigie mjomba wako mwambie boti isije upande huu, iende Bukoba, mwalo wa Nyamkazi. Na huyo mwache awe ndugu mpaka achoke."

Alhamisi jioni Audax akakabidhiwa pikapu na kadi yake, akashuka nayo mteremko wa Muhutwe anapiga miluzi mpaka Bukoba. Mpango wake ulikuwa rahisi. Ijumaa asubuhi ataelekea Mutukula, mpaka umeshafunguka, atavuka Uganda na kuiuza upande wa pili, ambako hakuna mtu anayemjua kama baba mdogo. Akaiegesha uani kwa Klaudia, akalala usingizi wa mtu mwenye dhamiri safi. Niliwahi kuambiwa kwamba usingizi huo ni wa wenye haki peke yao. Si kweli.

Aliamshwa na kelele za visu. Akafungua dirisha.

Ua wote wa Klaudia ulikuwa umejaa wanawake wanamenya ndizi. Masufuria yalikuwa yameshapanda mafigani. Magunia ya mkaa, mikungu, viti vya kukodi, spika mbili, na juu ya yote turubai kubwa la buluu. Turubai hilo lilikuwa limefungwa kamba nne: mbili kwenye mti wa parachichi, mbili kwenye pikapu.

Akatoka na bukta. "Nini hiki? Jamani, nini hiki?"

"Baba mdogo umelala sana!" Vestina akamjibu kutoka kwenye moshi. "Vaa suti, wageni wameanza kufika."

Klaudia akaja anajifuta mikono, furaha tupu. "Kaka Audax! Muda wote huu unakaa kwangu mpweke kama mtawa, kumbe una ndugu wengi namna hii! Dada yako alipokuja Jumanne kuniomba ua nililia."

"Masharti!" Audax akapaza sauti, akakimbilia kipimajoto chake. "Watu kumi na tano! Tawanyikeni!"

"Yale ni ya Kamachumu," Vestina akasema kwa upole. "Tumeyaacha kwa mwenye nayo, ameyanunua. Hapa Bakoba nimechagua Denmark."

"Hata kama ni Denmark, ile kamba muifungue, nina safari."

"Tukiifungua turubai litawaangukia bibi zako. Wale waliokulilia."

Wakati huo geti likafunguliwa kwa kishindo na wanaume wa Goziba wakaingia, wamebeba sangara na sato mabegani. Wa mbele alikuwa Rugemalira mwenyewe, mtu mpana, mweusi wa jua, kifua kinachojaza mlango. Akauliza baba mdogo ni yupi. Alipoonyeshwa akaweka samaki chini, akamkumbatia Audax mpaka miguu ikaacha ardhi.

"Nimeambiwa shemeji yangu alikataa tusije, na wewe ndiye uliyefungua nyumba yako. Asante, ndugu yangu. Yule mtoto ni wangu. Aliyemkosea ningemtupa ziwani na mawe mfukoni."

"Ningekusaidia kumbeba," Audax akasema kwa pumzi iliyobaki.

Baada ya hapo hakutaja Mutukula tena. Akavaa suti, akasimama getini kupokea wageni, na kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kujua kupumzika, ndani ya saa moja alikuwa anawasimulia babu alivyokuwa anawakumbuka kule Uganda mpaka watu wakamwongezea lubisi.

Kamachumu nako kulikuwa na sherehe, ya namna yake. Ishengoma alikaa chini ya hema zuri na wageni wake wa maana, kila mmoja na meza yake, wanatazamana kwa mbali. Bibi harusi aliondoka alfajiri na shangazi yake, eti wanakwenda kusuka nywele. Kufika mchana nywele zilikuwa bado. Wa upande wa Protase walipopigiwa simu wakajibu kwa furaha kwamba wameshafika, lubisi wameshusha, na mapokezi ya baba mdogo hayana mfano. Ishengoma akakodi gari, akateremka Muhutwe hakumbuki hata kufunga mlango vizuri.

Pale Bakoba alimkuta Vestina getini, na kile kipimajoto mkononi.

"Unatoka wapi?"

"Vestina, usinichezee. Nipishe."

"Nauliza umetoka nchi gani?"

"Nimetoka Kamachumu!"

"Kamachumu ni Uingereza. Hapa ni Denmark. Mtu wa nje anakaa karantini kwanza, wewe mwenyewe ulisikia yakisomwa. Au nakosea, baba mdogo?"

Audax akamtazama Ishengoma. Ishengoma akamtazama Audax. Mzee akisema huyu si mdogo wangu, ukoo utauliza aliyemleta ni nani, na yeye mwenyewe alishampiga mgongoni mbele ya watu. Audax naye akisema mzee alinunua masharti kwangu, Rugemalira yuko karibu na sangara na kisu.

"Ndiyo sheria, kaka yangu," Audax akasema, macho chini.

"Hata chooni nisiingie?" Ishengoma akalia. "Nimetoka mbali, jamani!"

Vestina akafikiri. "Choo ruksa. Ubelgiji ile Krismasi waliruhusu mgeni mmoja aingie ndani kwa ajili ya choo tu, Joackim amenihakikishia. Ukimaliza unatoka. Chakula hapana."

Hivyo ndivyo baba mzazi wa bibi harusi alivyoshuhudia sendofu ya bintiye: kutoka nje ya ua wa michongoma, huku michango ya ukoo mzima ikiwa salama nyumbani kwake, na harufu ya ndizi na samaki inampiga usoni.

Ikafika zamu ya wazazi kutoa zawadi. Mshereheshaji, aliyekuwa ameshapewa maelekezo na Vestina, akashika kipaza sauti. "Na sasa, baba mdogo! Ameniambia yeye hatoi kitenge, hatoi sufuria. Baba mdogo anampa binti yake... gari!"

Vigelegele vikapasua turubai. Audax akaangalia geti: limejaa watoto. Akaangalia nyuma: Rugemalira anamlilia begani. Akaingiza mkono mfukoni taratibu, akatoa funguo, na alipoanza kuongea akahutubia vizuri kuliko alivyowahi kuhutubia kwa riziki. Alisema juu ya damu, juu ya babu, juu ya kupotea na kurudi. Akalia. Yalikuwa machozi ya kweli, machozi mazito ya pikapu, na watu wote wakasema hawajawahi kuona baba mdogo mwenye mapenzi kama yule.

"Pikapu yangu!" ukapigwa ukelele nje ya michongoma.

Muziki ukakatika. Mamia ya macho yakageuka.

"Ya nani, kaka?" Vestina akauliza.

Ishengoma akainama nyuma ya michongoma. "Nasema... pikapu nzuri."

Kemilembe akapokea funguo kwa magoti, kama desturi. Aliponyanyuka hakurudi kukaa. Akaenda moja kwa moja kwa mjomba Rugemalira, akazifumbatisha kwenye kiganja chake kilichopasuka kwa kamba na maji.

"Hizi ni zako, mjomba. Ulinibeba muda mrefu. Sasa ubebewe dagaa."

Yule mtu mpana akakaa chini kwenye mchanga, pale pale, akalia kwa sauti kama mtoto. Nje ya ua Ishengoma aliona gari alilolitoa ili mtu huyu asile sahani moja ya wali kwake likiwa mikononi mwa mtu huyo huyo. Akashika michongoma bila kujali miiba.

Kemilembe akafuta macho, akaenda getini, akamwambia shangazi yake asogee.

"Baba, ingia."

"Na masharti?" Ishengoma akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwangu yameisha. Nawa mikono, ukae na mjomba."

Akaingia. Akanawa. Akakaa meza moja na dagaa wote wa Goziba, na kwa kuwa hakuwa amekula tangu asubuhi, akala sahani tatu.

Rugemalira alipotulia ndipo akakumbuka kitu. "Lakini mimi najua boti tu. Hii nani ataendesha?"

"Baba mdogo yupo!" ukoo mzima ukajibu kwa pamoja.

Na kweli yupo. Ukipita Nyamkazi asubuhi utamwona anapakia magunia ya dagaa kupeleka Kamachumu, suti ameshaiacha, harufu haitoki. Kukimbia na gari hawezi, maana nyuma hukaa vijana wawili wa Goziba, mikono minene, wanasema wanalinda mzigo. Juzi alijipa moyo akamwambia Vestina, aliyekaa kiti cha mbele na mikungu yake, kwamba tangu aanze kazi hii hajaona mshahara.

"Mshahara?" Vestina akashangaa kabisa, akamgeukia. "Ndugu kwa ndugu?"

Audax akabadili gia, wakapandisha mlima.